Kontrola ya Sola kwa Sehemu za Joto Kali: Uliza Kwanza Kuhusu Waya ya Joto

Betri yangu ya jeli ya 200Ah ilikufa ikiwa na miezi 14. Aliyeniuzia alikuwa ameniahidi miaka mitano. Fundi alipoitoa kwenye kona yake tuliikuta imevimba ubavu mzima, na ukiigusa mkono hauvumilii. Nina duka dogo la vinywaji hapa Lodwar, na friji ndiyo duka lenyewe, kwa sababu soda ya moto haina mnunuzi Turkana. Usiku ule friji ilizima saa nne. Asubuhi nilimwaga maziwa yote.

Nilipowauliza wenzangu wa Kakuma na Garissa, nikakuta wengi wamezika betri kwa namna hiyohiyo. Kila mmoja aliambiwa kwamba alitumia vibaya.

Wati za paneli sizigusi. Hizo kila fundi atakupigia hesabu ukiwa umesimama dukani. Jambo ambalo hakuna aliyenieleza ni kwamba betri ya jeli, na hata ile ya maji ya asidi, haitaki kuchajiwa kwa volti ileile wakati wa baridi na wakati wa joto. Namba zilizoandikwa ubavuni mwake kwa kawaida zimepimwa kwenye nyuzi 25. Joto likipanda, volti ya kuchajia lazima ishuke, karibu volti 0.018 kwa kila nyuzi moja kwenye betri ya volti 12. Inaonekana kidogo sana. Lakini niliweka kipimajoto kando ya ile betri, kwenye chumba changu cha mabati, na saa tisa alasiri kikasoma 46. Hizo ni nyuzi 21 za ziada. Betri iliyotakiwa kupata volti 14.2 ilikuwa inahitaji kama 13.8 tu, na kontrola yangu, yaani kile kifaa kati ya paneli na betri kinachosimamia kuchaji, iliendelea kuisukumia 14.2 kila mchana kwa miezi 14. Betri ilikuwa inapikwa. Tena joto peke yake linatosha kuiua mapema: kwa kila nyuzi 10 juu ya 25, umri wa betri za madini ya risasi, ndizo hizi za jeli na za asidi, hupungua karibu nusu.

Kontrola inajuaje joto la betri? Kwa waya nyembamba yenye kihisi joto nchani, ambayo hubandikwa kwenye betri yenyewe. Kontrola nyingi zina tundu la kuichomeka. Yangu ilikuwa nalo. Tundu lilikuwa tupu.

Kwa hiyo kontrola nazipanga kwa kigezo hicho, na sifichi ninayoipenda.

Ya kwanza ni Victron SmartSolar, ya Uholanzi. Ndiyo niliyonunua mara ya pili, ile ndogo ya 75/15 (volti 75 za paneli, ampea 15 za kuchaji) kwa ajili ya taa na simu, na ya 100/20 kwa friji. Hazina feni, kwa hiyo hakuna kitu cha kufyonza vumbi letu, na zinatoa nguvu yake kamili hadi joto la nyuzi 40. Unaisoma kwa simu kupitia Bluetooth, na historia ya siku 30 inabaki humo, hivyo fundi hawezi kukudanganya kuhusu kilichotokea juzi. Ina kihisi joto cha ndani, ila hicho hupima joto la kontrola yenyewe ikiwa imetulia, na asubuhi ya Lodwar si mchana wa Lodwar. Ongeza kile kidude kiitwacho Smart Battery Sense. Kinakaa juu ya betri na kupeleka joto kwa kontrola bila waya. Ni gharama nyingine, najua. Betri yangu iliyokufa ilikuwa ghali zaidi ya vyote viwili.

Ya pili ni Morningstar ya Marekani. SunSaver zao zimejazwa gundi ngumu ndani, vumbi halina pa kupita, na zimeundwa kufanya kazi hadi nyuzi 60. Ningeiweka sawa na Victron kama ingepatikana kwa urahisi huku kwetu. Kuingoja kutoka Nairobi huku friji imezima si jambo dogo.

Ya tatu ni EPEver Tracer. Ni kontrola nzuri kwa bei yake, lakini inunue pamoja na waya yake ya joto. Bila waya hiyo inachukulia kwamba betri iko kwenye nyuzi 25 siku zote, na hapa kwetu mchana nyuzi 25 hatuzijui.

Zile za bei rahisi zilizoandikwa MPPT (aina inayokamua nguvu zaidi kwenye paneli) kwa nje na ndani ni PWM tupu (aina ya kawaida, ya bei ya chini), ziache. Zitatosha taa mbili.

Mtu ataniambia, nunua lithiamu yaishe. Lithiamu kweli haihitaji hesabu hii ya volti, na fundi anapaswa kuizima hesabu hiyo kabisa kwenye kontrola. Lakini nazo zina kikomo cha joto la kuchajiwa, na kwa nyingi kikomo kinachoandikwa ni nyuzi 45. Kwenye chumba cha mabati inaweza kujifunga saa nane mchana, jua likiwa kali kuliko wakati wowote, na jioni utakuta haijajaa na utamlaumu fundi.

Sasa niseme kinachoniuma. Nilirudi dukani nikamuuliza yule kijana aliyeniuzia kuhusu tundu lile. Akanijibu, "Mama, hiyo waya si lazima." Kisha akaniambia waranti haifanyi kazi kwa sababu betri ilipata joto. Yaani waya ya kupima joto si lazima, lakini joto likiingia ni kosa langu! Anaiuza kando, kwenye kabati ya kioo, kama pambo. Duka la sola lililo katikati ya Turkana linauza betri kwa masharti ya nyuzi 25, na mwenye duka mwenyewe amekaa kwenye feni akijipepea na risiti. Mwambie aandike kwenye risiti hiyo joto ambalo waranti inakubali. Akikataa, ondoka. Na muulize fundi wake leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, kabla hajapanda paa.

Mimi betri nimeihamisha. Iko kwenye kibanda cha udongo kilichoezekwa makuti ya mkoma, juu ya ubao, mbali na ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la jioni, na nimeacha matundu chini na juu hewa ipite. Jana saa tisa kipimajoto kilisoma 35.