Katikati ya jiji au pembezoni: kufungiwa ndani kumegeuza hesabu

Kabla ya Shirika la Afya Duniani kutangaza UVIKO-19 kuwa janga tarehe 11 Machi 2020, fleti ndogo katikati ya jiji ilijitetea kwa jambo moja: ukaribu. Kazi, sinema, mgahawa, marafiki, vyote mwendo wa dakika chache. Sebule finyu haikumsumbua mtu, maana maisha yalikuwa nje. Milango ilipofungwa, ukaribu huo ukakosa kazi, na mpangaji akabaki analipia kuta nne, lifti ya kuchangia na dirisha linalotazama ukuta wa jirani.

Nyumba ya pembezoni ilikuwa kinyume chake. Safari ndefu ya kazini, iliyokuwa dosari yake kubwa, ikafutika kwa wanaofanya kazi kwa kompyuta. Chumba cha ziada kikawa ofisi, ua ukawa uwanja wa watoto. Katika miji mikubwa ya Marekani, mahitaji ya nyumba yalihama kweli kutoka katikati kuelekea vitongojini.

Lakini tusimsahau muuguzi, dereva na mpishi. Kazi zao hazifanyiki kwa intaneti, na kwao umbali ni nauli na usingizi unaopotea. Hospitali nayo mara nyingi huwa mbali zaidi.

Mimi ningechagua pembezoni kwa sharti moja: mwajiri athibitishe kwa maandishi siku za kufanyia kazi nyumbani. Bila hilo ningebaki mjini, ila nitafute fleti yenye roshani na mwanga, hata ikiwa na vyumba vichache.