Tahadhari kwa wenye magari ya umeme Dar: hiyo "shampuu isiyopitisha umeme" ni utapeli

Wakuu, kuna jamaa wanazunguka Masaki, Mikocheni na Mbezi Beach wakiuza kifurushi cha kuoshea magari ya umeme nyumbani. Mimi ni dereva, gari ninaloendesha ni Tesla Model X iliyotoka Uingereza, na walifika mpaka getini kwetu. Kwetu hawakuambulia kitu. Jirani wa mtaa wa pili wamempiga vizuri tu, na gari lake, Tesla pia, hadi naandika hapa halichaji.

Wanaanzia mtandaoni. Ukurasa umejaa picha za Porsche Taycan na Mercedes EQS zinazong'aa, lakini ukizitazama vizuri, vibao vya namba si vya hapa. Ukiuliza bei hawakutajii bei, wanakutumia kwanza video ya gari la umeme linawaka moto katikati ya maji. Chini yake wameandika: "Bosi, umeme na maji havipatani." Ile aliyotumiwa mzee wangu ninayemwendesha ni ya Florida, Marekani, baada ya kimbunga Ian cha mwaka 2022, magari yalipozama kwenye maji ya bahari. Maji ya chumvi yakiingia ndani ya betri huacha mabaki yanayopitisha umeme pale pasipotakiwa, na moto unaweza kuzuka hata siku kadhaa baada ya maji kupwa. Sasa hayo na ndoo yako ya uani wapi na wapi? Haya magari yananyeshewa na masika kama mengine yote, na Norway wanayachaji nje kwenye mvua na theluji.

Ukishaingiwa na hofu ndipo kifurushi kinapotokea: chupa ya lita moja ya "shampuu isiyopitisha umeme", kopo la kupulizia linaloitwa "kinga ya tundu la chaji", na kitambaa kimoja. Sh 380,000. Wakiosha wenyewe, pamoja na hicho wanachokiita kuosha betri, ni Sh 650,000, na nusu unatanguliza.

Niwasimulie onyesho lao, maana ndilo linalowauzia. Kijana aliomba mabakuli mawili. La kwanza akatia maji ya bombani kwetu, ambayo ni ya kisima, la pili akatia maji na shampuu yake ya bluu. Akatoa mita ya njano ya kupimia umeme, hizi za Kariakoo, akachovya ncha zote mbili kwenye bakuli la kwanza, namba zikacheza. "Mama unaona? Umeme unapita." Akahamia la pili: sifuri. Mama akabaki ameshika mdomo. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kidole gumba chake. Wakati anahama bakuli alizungusha kitufe cha mita, kutoka kwenye ohm, inayoonyesha kama umeme unaweza kupita, kwenda kwenye volti, inayopima umeme uliopo tayari. Ukipima volti kwenye bakuli la maji, hata uyakoroge na chumvi kilo nzima, utaona sifuri au karibu na hapo, kwa sababu humo hakuna umeme wa kupima. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hebu rudia, ila kitufe usikiguse." Akasema betri ya mita imeisha.

Sabuni ukiiyeyusha kwenye maji haizuii umeme, mara nyingi ndiyo inaongeza kupitisha. Na hata ingezuia, ya nini? Betri imezibwa, nyaya za umeme mkubwa, zile za rangi ya chungwa, zimefunikwa, gari likizimwa swichi kubwa ndani ya betri zinakata, na mfumo wenyewe unakagua kama kuna umeme unaovujia kwenye bodi. Taycan inatumia volti 800. Mtu anayekwambia volti 800 zinazuiwa na povu, mfungulie geti aende zake.

Hiyo "kinga ya tundu la chaji" ndiyo iliyomuumiza jirani. Walimpulizia ndani kabisa ya tundu, mafuta mazito yenye harufu kama ya taa, vumbi likashika. Usiku akachomeka, taa ya tundu ikawa nyekundu, chaji ikagoma. Tesla hawana kituo rasmi hapa nchini, kwa hiyo anasubiri kipuri kutoka nje, na akipiga simu kwa wale jamaa wanamwambia "network inasumbua". Kwenye tundu la chaji hapapuliziwi chochote. Si mafuta, si maji, si dawa.

Kuosha betri nako ni kuingiza mashine ya presha chini ya gari na kuipiga kwa karibu, kwenye viungo na mipira. Hakuna betri inayohitaji kuogeshwa. Wengine wanaongeza na "kuosha injini", na hapo mimi nilicheka: funua boneti ya Model X uone, ni buti ya kuwekea mizigo.

Mimi naosha asubuhi kabla jua halijakolea, bodi ikiwa imepoa na iko kivulini. Chaji nimechomoa, kifuniko kimefungwa. Kwenye skrini naingia Controls, halafu Service, halafu Car Wash. Hapo madirisha yanajifunga, tundu la chaji linafungwa, na waipa zinazimwa zisianze kupiga zenyewe ukiwa umeshika kitambaa. Naloanisha kwanza mchanga utoke, ndipo shampuu ya kawaida ya gari, isiyo kali, ya bei ya kibinadamu. Sabuni ya vyombo na ya unga hazigusi gari hili, zinakomba nta yote. Mashine ya presha ukiitumia, usiisogeze chini ya sentimita 30, usiitulize sehemu moja, na usiilenge kwenye mipira ya milango, kamera, sensa wala tundu la chaji. Kitabu cha gari kimeyaandika haya, na kimesema pia kwamba uharibifu wa kuosha vibaya waranti haiulipi.

Shida kubwa ya hapa Dar hata si umeme, ni maji ya kisima. Yana chumvi, yakikaukia juu ya bodi yanaacha madoa meupe, na kwenye paa la kioo na kamera ndiyo yanaonekana zaidi. Kwa hiyo suuzo la mwisho natumia maji baridi yasiyo na chumvi, ya DAWASA yakitoka au ya mvua niliyokinga, halafu nafuta palepale kwa taulo laini. Kitu kingine ambacho hao jamaa hawakitaji kabisa ni breki. Gari la umeme linapunguza mwendo zaidi kwa mota, diski hazisuguliwi sana, kwa hiyo maji yakibaki kutu inashika haraka. Nikimaliza kuosha nazunguka mtaa, nakanyaga breki mara kadhaa kidogo kidogo, zinakauka.

Namba yao ya kulipia ni ya mtu binafsi na jina linalotokea halifanani na la ukurasa. Risiti ya EFD hawatoi, wanasema itakuja kwa barua pepe. Chupa haina alama ya TBS, haina jina la mtengenezaji wala anwani, ni karatasi iliyobandikwa na gundi bado inanata. Wakishalalamikiwa wanafunga sehemu ya maoni, baadaye wanabadilisha jina la ukurasa.

Kama umeshatuma hela, usifute meseji ya muamala. Piga simu kwa mtandao wako wa pesa mara moja ujaribu kuzuia, kisha nenda polisi ukiwa nayo. Namba ya tapeli iripoti 15040, na bidhaa yenyewe malalamiko yapelekwe Tume ya Ushindani. Chupa usiitupe. Jirani aliitupa, sasa hana cha kuonyesha.

Na wenye pikipiki za umeme kaeni macho. Juzi nimeona tangazo lilelile, video ileile ya Florida, chupa imekuwa ndogo na bei imeshuka hadi Sh 45,000. Wanalipeleka vijiweni kwa bodaboda.