Ndoo ya chujio la chungu: nyota tatu na nusu, na kilichopunguza nyota zaidi ni koki

Hii ndoo ninayo mwezi wa nane sasa, kwahiyo sio wale wa kufungua boksi leo kesho wameshatoa nyota tano. Nilichukua Kariakoo elfu 65. Ndani kuna chungu cha udongo kimekaa juu ya ndoo ya plastiki yenye koki, unamwaga maji juu yanajichuja yenyewe taratibu, na taratibu kweli, lita mbili kwa saa ukibahatika, kama mko sita nyumbani jazeni usiku mkalale.

Kilichonipeleka dukani ni ugonjwa. Tuko Mbagala, maji ya kisima cha mwenye nyumba, kifupi tu, na choo cha shimo hakiko mbali. Mwaka jana wife alishikwa na UTI, akameza sipro (antibayotiki) haikusaidia, akabadilishiwa ikagoma pia, mpaka mkojo ulipooteshwa maabara karatasi ikarudi R, R, R mstari kwa mstari, S mbili tu na zote za sindano. R ndo mdudu ni sugu kwa dawa hiyo, S ndo dawa bado inamuweza. Daktari akauliza maji mnatoa wapi. Hakusema kisima ndo kilimuumiza, alisema tu wadudu wa hivyo, yaani bakteria sugu, siku hizi hawako hospitali peke yake, wako mitoni na visimani, wanatoka vyooni na kwenye mabanda ya kuku wa kisasa wanaopewa antibayotiki kama chakula, na wakikutana majini wanagawiana usugu hata kama sio ukoo mmoja. Nikaenda kusoma mwenyewe. Kumbe New Delhi kuna utafiti ulitoka 2011, sampuli 50 za maji ya bomba, 2 zikakutwa na jeni ya usugu inaitwa NDM-1, na madimbwi ya mtaani 51 kati ya 171. Bomba jamani! Sembuse kisima chetu.

Sasa muuzaji aliniambia "kaka hii inaua mpaka wale sugu, ina silva". Silva, yaani madini ya fedha, kweli imepakwa kwenye chungu, ila hayo mengine ni kukoleza biashara. Usugu ni wa dawa. Mdudu aliyeishinda sipro hajaushinda moto, maji yakitokota vizuri dakika moja anakufa kama mwenzake tu. Na kwenye chungu hivyo hivyo: udongo unachanganywa na unga wa mbao, tanurini ule unga unaungua unaacha vitundu vidogo sana, bakteria anakwama kwa sababu ya ukubwa wake, mambo ya dawa gani imeshindwa kumuua kitundu hakiyajui. Kwahiyo akikuongezea bei kisa "ya wadudu sugu" ujue unapigwa. Virusi ni vidogo zaidi vinaweza kupita, ndo maana maji ya mtoto wetu bado tunachemsha.

Shemeji yangu anasoma mambo ya maabara akaja na vile vichupa vyenye karatasi, maji yakiwa na uchafu wa kinyesi yanageuka meusi. Akajaza vitatu, cha kisima, cha matone yanayodondoka kwenye chungu, na cha kwenye koki. Asubuhi cha kisima cheusi tii kama wino, sikushangaa. Cha chungu kikabaki cheupe mpaka kesho yake. Cha koki? Cheusi! Akaniangalia, "shemeji, hii ndoo ya chini mmeiosha lini?" Nikajifanya nafunga dirisha. Kumbe watoto wanashika mdomo wa koki na mikono ya kutoka nje, na kwa ndani kulikuwa na utelezi wa kijani. Tukafungua yote, tukaosha kwa jiki, tukarudia, safari hii safi. Ila hicho kichupa hakisemi kama wadudu ni sugu au la, kinasema tu kama uchafu upo.

Koki yenyewe ya kichina laini ilianza kuvuja mwezi wa tatu, nimeweka nyingine ya elfu 4. Chungu msikisugue na sabuni, brashi laini na maji yaliyochujwa basi. Jirani alikisugua na stili waya kikapata ufa mwembamba, akaendelea nacho hivyo hivyo, maji yakawa yanatoka haraka akafurahi eti kimefunguka, kumbe yanapita kwenye ufa bila kuchujwa. Na kabla hujalipa uliza kama wanauza chungu peke yake, mimi pale dukani nimerudi mara mbili naambiwa mzigo uko njiani.