Nyasi bandia kando ya bwawa la kuogelea: kazi iko chini

Kando ya bwawa, chagua nyasi za milimita 25 hadi 35. Ndefu zaidi hulala zikikanyagwa na hukawia kukauka. Geuza zulia la nyasi uangalie mgongo: matundu ya maji yawe wazi.

Kazi hasa iko chini. Chimba sentimita 10 hivi, mwaga kokoto ndogo pamoja na vumbi lake, lowesha, shindilia kwa tabaka. Mteremko uelekee mbali na bwawa, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Kitambaa cha kuzuia magugu kiwe kinachopitisha maji, vipande vipandiane sentimita 15. Karatasi ya nailoni usiitumie kabisa: maji hutuama juu yake, harufu ikafuata. Hata kitambaa bora hakizuii mbegu zinazoangukia juu. Hizo zikiota ni za kung'oa kwa mkono.

Kwenye maungio ya vipande vya zulia, majani yalale upande mmoja, la sivyo mstari utaonekana. Mchanga wa kujazia katikati ya majani usukume kwa ufagio mgumu hadi uzame. Unaobaki juu huishia kwenye chujio la bwawa.

Kasoro kubwa ni joto. Jua la mchana huzifanya nyasi hizi ziunguze nyayo, hivyo mwagia maji kwanza.