Mkaguzi asiyekubali namba isiyo na sababu: uzoefu wangu wa kununua nyumba Minnesota

Kwa Mswahili yeyote anayenunua nyumba Marekani, hasa huku kwenye majimbo ya baridi, ushauri wangu ni mmoja. Mtafute mkaguzi wa nyumba anayetembea na kipimo cha kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu isiyoonekana wala kunukia inayotoka kwenye moto usioungua vizuri, na kabla hujamlipa muulize atafanya nini kipimo kikianza kusoma. Wakaguzi wengi hawalazimiki kupima. Viwango vya vyama vyao vikubwa, ASHI na InterNACHI, vinawataka waangalie paa, msingi, umeme, mabomba na mitambo ya joto, lakini sumu iliyomo hewani haimo kwenye kazi yao ya lazima. Wetu alipima. Jina lake silitaji kwa kuwa sijamwomba ruhusa, ila namna alivyofanya kazi nataka ijulikane.

Nyumba iko kaskazini mwa Minneapolis. Chini ina besimenti, yaani ghorofa ya chini ya ardhi, na humo ndimo kuna tanuri ya gesi inayopasha nyumba nzima joto, tangi la maji moto, nalo la gesi, na mashine ya kukaushia nguo. Alikiwasha kipimo chake nje kwanza, kwenye hewa safi, akahakikisha kinasoma sifuri. Sebuleni sifuri, jikoni sifuri. Tuliposhuka ngazi kikaanza kupanda, mpaka kikatulia kwenye ppm ishirini na kitu, yaani sehemu ishirini na kitu za gesi katika kila sehemu milioni za hewa. Kikomo cha Marekani kwa hewa ya nje ni ppm 9 kwa wastani wa saa 8.

Mimi ni mtu wa Njombe. Kwetu baridi ya Juni na Julai ikikaza, watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha, na wapo waliolala hivyo wasiamke. Sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Nilimwomba mume wangu awatoe watoto nje hapo hapo, na mkaguzi akafungua madirisha na milango yote.

Swali langu la kwanza lilikuwa: mbona king'ora cha ukutani cha kaboni monoksaidi kimya? Jibu lake kila mwenye nyumba angepaswa kulijua. Ving'ora vya kawaida hutengenezwa kwa kiwango kiitwacho UL 2034. Kwenye ppm 70 king'ora hulia baada ya saa 1 hadi 4, na kwenye ppm 400 hulia ndani ya dakika 4 hadi 15. Kwenye ppm 30 kinatakiwa kivumilie siku 30 bila kulia. Kwa hiyo ukimya wake haumaanishi kwamba hewa ni safi. Halafu akakibandua na kunionyesha mgongoni: tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa imepita zamani. Kihisi cha ndani huchakaa hata kama taa ya kijani bado inawaka.

Dalali wa muuzaji alipopigiwa simu alikuwa na jibu tayari: tanuri imezeeka, punguzeni bei kidogo, mtabadilisha wenyewe. Mtu mwenye haraka angeandika hivyo kwenye ripoti na kwenda zake. Mkaguzi akakataa. Alisema hawezi kuilaumu tanuri kabla hajaipima.

Alizima tanuri na tangi la maji. Nyumba ikapata hewa mpaka kipimo kikarudi sifuri, kisha akafunga kila kitu tukasubiri. Namba zikarudi, na hakuna moto wowote unaowaka ndani. Gari halikuwemo kwenye gereji iliyoungana na nyumba, kwa hiyo nalo halikuhusika. Hata hivyo hakuliruka tangi la maji. Aliliwasha tena, akafungulia feni za bafuni na jikoni pamoja na mashine ya kukaushia nguo, vyote kwa pamoja, milango imefungwa. Vifaa hivyo husukuma hewa nje, na nyumba iliyobana huweza kuurudisha ndani moshi uliotakiwa kupanda kwenye dohani. Akaweka kioo kidogo chini ya kofia ya bomba la tangi. Hakikuingia ukungu, moshi ulikuwa unapanda vizuri.

Ndipo akaanza kutembea polepole, kipimo mkononi, kona baada ya kona. Kadiri alivyolikaribia shimo la kukusanyia maji ya chini ya nyumba, namba ziliongezeka. Pembeni mwa shimo kulikuwa na betri ya akiba ya pampu inayotoa maji humo, ile ya asidi na risasi kama ya gari, imefungwa kwenye chaja saa zote. Juu ya kisanduku chake ndipo kipimo kilisoma juu kuliko mahali pengine pote.

Betri ya namna hiyo ikichajiwa kupita kiasi, maji yaliyomo huvunjika na kutoa haidrojeni. Vihisi vingi vya kaboni monoksaidi hufanya kazi kwa mmenyuko wa kikemia, na haidrojeni nayo huuamsha mmenyuko huo huo. Alikuwa na kipimo cha pili chenye kihisi kinachoondoa athari ya haidrojeni. Hicho kilisoma sifuri pale pale. Akaichomoa chaja, tukapitisha hewa, na kipimo cha kwanza nacho kikabaki sifuri.

Hakusema basi ni uongo tu wa kipimo, nalo nalisifu. Haidrojeni hushika moto ikifikia asilimia 4 ya hewa. Hiyo ni ppm 40,000, mbali sana na tulichokiona, lakini ndani ya kisanduku kilichofungwa hali ni nyingine. Betri iliyounguzwa na chaja pia huweza kutoa gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo ni sumu. Tuliweka sharti kwenye mkataba: betri mpya, chaja mpya, ving'ora vipya. Sheria ya Minnesota inataka king'ora ndani ya futi 10 za kila chumba cha kulala, na nyumba haikuwa imetimiza hilo.

Kasoro zipo. Ripoti ilichelewa tukakaribia kuvuka tarehe ya mwisho ya mazungumzo, na sehemu ya betri aliiandika kifundi mno hata dalali wetu hakuielewa. Bei yake pia ilizidi ya wengine tuliowauliza. Ningemlipa tena.

Baada ya kuhamia tulinunua kipimo kinachoonyesha hata namba ndogo, tukakiweka ukutani karibu na mlango wa gereji. Asubuhi za baridi, gari likiwashwa humo, kinapanda hata lango kubwa likiwa wazi. Sasa gari linatolewa nje mara tu likiwaka, na linapashwa moto huko huko nje.