Ruta ya Ofisi Inayoonyesha Nani Anakula Intaneti: Ipi Ununue

Waifai ya ofisi ikiwa nzito, wengi hukimbilia kulipia kifurushi kikubwa zaidi. Mara nyingi pesa hiyo inapotea bure, maana aliyebana njia ni simu moja inayopakia video zake Google Photos, au kompyuta inayojisasisha saa nne asubuhi watu wakiwa kazini. Kabla ya kuuliza ruta ina kasi gani, uliza kama inaonyesha matumizi ya kila kifaa. Kwa kigezo hicho, mimi nazipanga hivi.

Ya kwanza ni MikroTik, hasa hAP ax². Ina Wi-Fi 6 na milango mitano ya gigabiti, lakini utamu wake uko kwenye WinBox, programu ya kompyuta ya kuisimamia. Humo washa Torch, kifaa cha kutazama data inavyopita, upande wa bridge, yaani mtandao wa ndani wa ofisi: anwani za IP zinajipanga, kila moja na kiasi inachopakua na kupakia sekunde hiyohiyo. Mlaji anaonekana papo hapo, na kwa Simple Queues, sehemu ya kugawa kasi, unamwekea kikomo, tuseme Mbps 5. Angalia mtego mmoja: mipangilio ya kiwandani huja na kanuni ya FastTrack, njia ya mkato ya kupunguzia prosesa kazi, na data inayopitia humo huziruka Simple Queues. Kikomo hakishiki, hesabu zinatoka pungufu. Izime kwanza, ingawa prosesa itaongezewa kazi. Kwa mgeni MikroTik ni ngumu kweli, ila Dar es Salaam na Nairobi mafundi wake hawatafutwi kwa tochi.

Ofisi isiyo na fundi ichukue Dream Router ya UniFi. Bei imechangamka, lakini matumizi yanasomeka kwa kifaa na kwa programu, YouTube kando, WhatsApp kando, na hakuna ada ya leseni ya kila mwezi.

Nafasi ya tatu naipa Omada ER605 ya TP-Link. Yenyewe ni nafuu, lakini haina waifai. Utahitaji EAP, vifaa vya TP-Link vya kurusha mawimbi ya waifai, pamoja na kidhibiti cha OC200 au kompyuta ya kuendeshea programu yake. Jumlisha vyote ndipo ulinganishe bei.

Kama bajeti haipo, OpenWrt, programu endeshi unayoiweka kwenye ruta uliyonayo, ni ya bure, na kifurushi chake cha nlbwmon huhesabu matumizi ya kila kifaa. Hakikisha ruta yako inakubalika mpaka namba ya toleo, kwani v2 na v3 za jina moja zinaweza kuwa tofauti kabisa ndani.

Mkiani naweka ruta za bure za watoa huduma. Nyingi huishia kukupa orodha ya vifaa vilivyounganishwa tu.

Yoyote utakayochukua, waombe wafanyakazi wazime anwani ya MAC ya kubuni (namba ya utambulisho ambayo simu hujitungia badala ya ile yake halisi) kwenye waifai ya ofisi, la sivyo simu moja inaweza kuhesabiwa kama mbili. Na waambie wazi kwamba matumizi yanafuatiliwa: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na rekodi hizi zinamhusu mtu moja kwa moja.