Hija ya Bagamoyo: mkiweza, laleni huko

Mara mbili za kwanza nilikwenda na jumuiya. Coaster alfajiri kutoka Dar, rozari njiani huku nusu ya watu wanasinzia, picha, pilau, saa kumi tunageuza. Safari hii tulikwenda wawili tu, mimi na mama mkwe, tukalala siku mbili.

Ukishapita ile miembe mikubwa ya kuingilia misheni, sauti inashuka yenyewe. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868, wakafungua kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, na watu hao ndio walioijenga groto (pango la kusalia) ya Bikira Maria mwaka 1876. Mama aliweka kiganja kwenye jiwe, akaniuliza, "Waliotoka kwenye minyororo ndio waliyabeba haya?" Hakusema tena hadi chakula cha mchana, na mama ni mtu wa maneno, nawaambia. Mnara ambako mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874 tuliuona harakaharaka, miguu ya mama ilikuwa imechoka.

Mimi nilifuata kitubio. Mwaka na nusu sijaungama. Nyumbani foleni ya Jumamosi ni ndefu, nyuma yako jirani anakohoa, unataja dhambi kama mtu anayenunua luku. Hapa nilimkuta padre mzee kwenye kiti cha plastiki chini ya mti, hakuna anayesubiri. Nikamwaga yote. Akanyamaza kidogo, akasema, "Huyo wifi yako umemtaja mara tatu. Wewe mwenyewe bado hujajitaja, mwanangu." Ikabidi nianze upya. Malipizi: nimpigie wifi simu kabla ya kukomunika. Nilipiga usiku ule ule. Alidhani kuna msiba.

Misa ya asubuhi watu wachache, hakuna vipaza sauti, unasikia hadi hostia inavyovunjwa. Nimekomunika miaka mingi, sauti ile sikuwahi kuisikia.

Kasoro ni ya kwetu: tulichelewa kuulizia vyumba, tukaishia gesti moja ya mjini, muziki hadi saa nane usiku na chandarua kina matundu. Pigeni simu mapema.

Nyota nne. Kwaresima tunarudi, na wifi anasema naye anakuja. Chumba atachukua chake.